Vidonge 10 vya diazepamu vimeisha na usingizi umeondoka navyo. Kosa ni la daktari, la dawa au ni langu?

#1 Mwalimu_Nyegezi (Jumatatu, saa 4:50 usiku)

Wadau, habari za usiku.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Tangu tumalize arobaini sijalala kama mtu. Napanda kitandani saa 4, nagaagaa, sipati hata lepe la usingizi. Asubuhi nasimama mbele ya darasa la nne macho yamewiva, watoto wanadhani nimelia. Mwezi uliopita nikaenda hospitali moja hapa Mwanza, daktari akanisikiliza kama dakika 5, akaandika diazepamu miligramu 5, kidonge 1 usiku, siku 10.

Jamani. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto aliyenyonya akashiba. Siku zote 10 nilikuwa mtu. Vilipoisha, usiku wa 11 sikufumba jicho, tena vibaya kuliko kabla ya dawa. Leo ni usiku wa 6 bila dawa. Nimerudi duka la dawa, kijana amekataa, anataka cheti kipya. Jirani yangu aliandikiwa hizo hizo kwa ajili ya misuli ya mgongo, amenipa 8 zilizobaki. Ziko hapa mezani, naziangalia.

Dawa inafanya kazi, kwa nini unapimiwa kwa kijiko halafu unanyang'anywa? Na hizi za jirani nimeze au nisimeze?

#2 Kaka_wa_Sinza

Pole kwa msiba, mwalimu. Usimeze. Niko kwenye daladala, nitaeleza nikishuka. Ila simu unayoandikia muda huu ndiyo mchawi wa kwanza.

#3 Mfamasia_Kona

Pole dada. Huyo kijana wa duka la dawa amefanya kazi yake vizuri, usimchukie. Diazepamu imo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, haiuzwi kama Panadol.

Kuhusu kupimiwa kwa kijiko: kundi hili lote la benzodiazepini hupewa mtu kwa muda mfupi. Waingereza waliwaandikia madaktari wao tangu 1988 kwamba zisizidi wiki 2 hadi 4, baada ya kuona watu wengi wamenasa. Ubongo una breki yake ya asili, na dawa hii inaikanyaga zaidi. Ukiikanyaga kila usiku, ubongo unalegeza mguu wake wenyewe. Siku dawa inapoondoka, breki haipo, na usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo. Hicho ndicho kilichokupata. Mara nyingi hupita ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili. Ukimeza 8 za jirani, unaanza kuhesabu upya.

#4 Dereva_wa_Tunduma

Mimi nitasema langu ili mtu mwingine asifanye nilichofanya. Miaka ile nikiendesha semi, usiku sipati usingizi gesti, asubuhi nasinzia barabarani. Jamaa mmoja akaniambia meza Valium 2, yaani hiyo hiyo diazepamu, inaisha kabla hujaamka. Nilinunua bila cheti, duka silitaji. Nikameza Mafinga saa 3 usiku, nikaamka saa 11 alfajiri najiona mzima kabisa, nikapita Iringa. Kabla ya kuanza kuteremka mlima Kitonga macho yakaniacha, nikiwa nimeyafungua. Utingo alinipiga kofi, akavuta usukani. Tulikuwa na tani 28 za mahindi. Tangu siku ile sijameza tena. Nilimpa utingo shati langu jipya, nikakosa la kumwambia.

#5 Kaka_wa_Sinza

@Dereva_wa_Tunduma aisee, Mungu alikuwa macho kwa niaba yako. Lakini dawa ya saa 3 usiku si ilishaisha saa 1 asubuhi? Nijuavyo mimi Valium ni ya saa 6 au 8. Labda ilikuwa uchovu tu.

#6 Mfamasia_Kona

@Kaka_wa_Sinza hapana, hapo umekosea na wengi hukosea hapo. Diazepamu inachukua kati ya saa 20 na 50 kupungua nusu tu mwilini. Ini linapoichakata linazalisha kitu kingine chenye nguvu ileile, ambacho kinaweza kukaa hadi saa 100 kabla hakijapungua nusu. Kidonge cha Jumatatu bado kimo mwilini Alhamisi. Kwa mzee ndiyo mbaya zaidi: anaamka usiku kwenda chooni, miguu haimsikilizi, anaanguka, nyonga inavunjika.

#7 Bibi_wa_Mkunazini

Mwalimu mwanangu, pole sana, kufiwa na mama si jambo dogo. Sie Unguja tukitaka usingizi hatwendi dukani. Maziwa ya moto, unakwangua kungumanga kidogo tu juu yake, asali, unakunywa baada ya Isha. Na ukishaswali Isha usizungumze maneno mengi. Watu wa siku hizi mwalala na ulimwengu mzima mkononi.

#8 Mfamasia_Kona

Bibi shikamoo. Kungumanga kidogo haina neno, lakini wasomaji wasije wakasaga punje nzima. Nyingi ni sumu: moyo unakwenda mbio, mtu anaona vitu visivyokuwepo.

#9 Bibi_wa_Mkunazini

Marahaba. Nimesema kidogo.

#10 Tabibu_wa_Kata

Nimesoma yote, nina hoja na @Mfamasia_Kona, kwa heshima. Umesema mwenyewe kwamba diazepamu inakaa mwilini siku nyingi. Mwalimu kameza usiku 10 mfululizo, maana yake ilikuwa inajilundika. Sasa usiku wa 11 dawa ilikuwa bado imejaa mwilini! Breki ingelegeaje usiku uleule wa kwanza? Kurudi kwa kishindo namna hiyo ni tabia ya dawa fupi zinazotoka mwilini haraka. Diazepamu huondoka polepole, kama mtu anayeaga kila nyumba mtaani.

Mimi naona usiku wa 11 kilichomnyima usingizi ni hofu. Alipanda kitandani akijua kidonge hakipo. Mtu akianza kujichunguza kama amelala, hatalala.

#11 Mfamasia_Kona

Tabibu, hoja nzuri, lakini kuwepo mwilini si sawa na kuwepo kwenye ubongo. Diazepamu inapenda mafuta. Inaingia kwenye ubongo upesi, kisha inahama kwenda kujificha kwenye mafuta ya mwili. Ndiyo maana kidonge kimoja kinalewesha saa chache tu japokuwa damu ina mabaki ya siku nyingi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akahisi pengo usiku wa kwanza.

#12 Tabibu_wa_Kata

Kwa kidonge kimoja nakubali. Kwa 10 mfululizo mafuta nayo yameshajaa, kwa hiyo hilo pengo silioni. Hapo hatuelewani.

#13 Pwani_Kwetu

Niko Mombasa. Nyinyi mnaongea Valium, huku kwetu vijana walimalizwa na bugizi, yaani Rohypnol, ndugu ya hizo hizo. Ilianza kama dawa ya usingizi tu. Na ndiyo mchele wanaowekea watu kwenye vinywaji Nairobi, unaamka simu huna, pesa huna, kumbukumbu huna.

#14 Kaka_wa_Sinza

@Pwani_Kwetu mchele si Valium kweli? Shemeji yangu wa Nairobi aliniambia hivyo.

#15 Pwani_Kwetu

Mchele ni jina la chochote kinachotiwa kwenye glasi, bro. Leo hii, kesho ile. Anayeweka hakuambii.

#16 Nesi_wa_Zamu

Turudi kwa mwalimu jamani. Mimi ni nesi, zamu za usiku miaka 11. Wenzangu wengi wanakwepa cheti kwa kumeza Piriton au Phenergan, kwa kuwa zinaleta usingizi. Nilifanya hivyo pia. Siku 3 za mwanzo unalala, kisha mwili unazizoea, unaongeza, na unachobaki nacho ni mdomo mkavu na kichwa kizito hadi mchana. Zile ni dawa za mzio. Msizigeuze.

Mwalimu, nikuulize kama ninavyouliza wodini: unatumia dawa nyingine yoyote? Prednisoloni ukiimeza jioni inakukesha. Baadhi ya ARV pia. Na chai unakunywa saa ngapi?

#17 Mgeni_2019

Nashukuru dada nesi kwa kugusa ARV, wengi wanaona aibu kuuliza. Mimi niko kwenye tiba. Zamani nikitumia yenye efavirenzi nilikuwa naota ndoto ambazo siwezi kuzisimulia, naamka nimelowa. Nilipohamishiwa ya dolutegraviri ndoto ziliisha, ila usingizi ukawa haba. Nilikuwa natafuta dawa ya kulala huku na huko, kumbe mshauri wa kliniki alinihamishia kumeza asubuhi badala ya usiku, basi. Wiki moja nikawa sawa. Naogopa kufikiria ningekuwa nimeshameza nini kama nisingeuliza.

#18 Dada_Minneapolis

Poleni na majukumu, na pole mwalimu. Niko Marekani miaka 16. Mwaka 2011 niliandikiwa dawa ya usingizi, zolpidemu miligramu 10, kwa sababu nilikuwa na kazi mbili na mtoto mchanga. Hii haikai mwilini kama diazepamu, saa 2 na nusu hivi inapungua nusu. Nikajua niko salama.

Usiku mmoja nimeamshwa na king'ora cha moshi. Jikoni kuna sufuria ya ugali imeungua, mwiko uko mkononi mwangu. Sikumbuki kuamka, wala kuwasha jiko. Mtoto alikuwa chumba cha pili. Bado nikisikia harufu ya unga ulioungua mwili unasisimka.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya hapa ikaagiza dozi ya wanawake ishushwe kutoka 10 hadi 5, kwa sababu kwa wanawake asubuhi bado dawa inakuwa nyingi kwenye damu. Mwaka 2019 ikaweka onyo zito kabisa kuhusu watu wanaotembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Mimi yangu ilikuwa 2011. Hakuna aliyenionya.

#19 Kaka_wa_Sinza

Ugali usingizini! Dada, uliwasongea wangapi? Samahani, natania, nashukuru mtoto alikuwa salama.

#20 Dada_Minneapolis

Cheka tu kaka, mume wangu hucheka pia. Mimi ndiye nisiyeweza.

#21 Mwalimu_Nyegezi (Jumanne, saa 10 jioni)

Nimewasoma wote, asanteni. Sijameza za jirani. @Nesi_wa_Zamu situmii dawa nyingine. Chai nakunywa ya saa 4 shuleni, ya saa 10 nikirudi, na kikombe kikubwa usiku nikisahihisha madaftari. Mchana nikipata nafasi nalala kidogo, kama muda wa saa mbili, la sivyo nitaanguka.

Kuna kitu sikusema jana. Hata nikipitiwa na usingizi, naamka saa 9 usiku kamili, bila saa ya kuamsha. Mama alifariki saa 9 usiku. Ndiyo saa niliyopigiwa simu.

#22 Bibi_wa_Mkunazini

Basi mwanangu. Hapo hapana ugonjwa. Hapo yupo mama. Muombee saa hiyohiyo, uketi, unywe maji, urudi kulala.

#23 Tabibu_wa_Kata

Umeniondolea maneno, Bibi. Nilisema hofu, sasa naona ni majonzi. Mwili wake umejifunza kungojea simu ile. Diazepamu ilizima kengele, haikuwaondoa waliokuwa wanaipiga.

#24 Nesi_wa_Zamu

Na mimi naona ni chai. Msinishambulie. Kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu. Kikombe kikubwa cha saa 2 usiku, nusu yake iko mwilini saa 7 usiku. Ongeza saa 2 za kulala mchana. Mtu aliyekula saa 10 jioni hawezi kuwa na njaa ya chakula cha saa 12, usingizi nao una njaa yake. Majonzi yapo, siyakatai, lakini nimeona wafiwa wengi walioacha chai ya usiku wakalala.

#25 Ustadhi_Kigoma

Nitatoka nje kidogo ya mada. Kuamka katikati ya usiku si lazima kuwe maradhi. Sisi tunaoamka kwa tahajudi tunajua: unalala, unaamka, unaswali, unalala tena hadi adhana ya alfajiri. Kuna mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, aliyeandika 2001 kwamba Wazungu wa zamani kabla ya taa walikuwa na usingizi wa kwanza na usingizi wa pili, katikati wanaomba au wanazungumza. Tatizo lilikuja tulipoamua lazima tulale saa 8 bila kukatika.

#26 Mke_wa_Mkoromaji

Ustadhi umenifariji, ila mwalimu ana kipindi cha kwanza saa 2 asubuhi, hana nafasi ya usingizi wa pili.

Niongeze moja ambalo halijasemwa. Mume wangu alikuwa anakoroma mpaka anakata pumzi, kisha anashtuka. Mchana amechoka, anasema halali. Aliomba dawa ya usingizi, daktari alipomuuliza kama anakoroma mimi ndiye nikajibu. Daktari akagoma kuandika. Alisema anayekatwa pumzi usingizini akimeza hizo, anaweza asishtuke. Pombe juu yake ndiyo kabisa. Kwa hiyo anayelala pekee yake atajuaje kama anakoroma? Mwalimu, una mtu wa kukusikiliza usiku?

#27 Mwalimu_Nyegezi

Nalala na binti yangu wa miaka 9. Nimemuuliza, anasema sikoromi, ila nasema maneno.

#28 Leicester_Boy

Natoa uzoefu wa huku Uingereza. Nilipewa dawa ya usingizi, zopikloni miligramu 7.5, vidonge 14, daktari akaniambia mapema hakuna vya 15. Mdomo mzima ladha ya shaba asubuhi, hata chapati inakuwa chungu. Vilipoisha nilikuwa kama mwalimu, nimekasirika na dunia nzima.

Kilichonisaidia ni tiba ya fikra na tabia, ile ya usingizi. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilisema 2016 kwamba kwa mtu aliyekosa usingizi muda mrefu ianze hiyo kabla ya dawa. Sio maneno matamu ya kufarijiana. Ni adhabu! Waliangalia nalala kweli saa ngapi, wakakuta 5 na nusu, wakanipa kitanda saa 5 na nusu tu: saa 7 usiku hadi saa 12:30 asubuhi. Kabla ya hapo marufuku kugusa kitanda. Usingizi usipokuja, toka chumbani, kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, usiangalie saa. Mchana hakuna kulala. Wiki mbili za kwanza nilitaka kulia kazini. Ya tatu nikawa natamani kitanda kama nilivyokuwa nakiogopa. Wakaniongezea robo saa kwa robo saa.

#29 Dereva_wa_Tunduma

@Leicester_Boy hizo wiki mbili usingeshika usukani, sivyo? Kwa dereva hiyo tiba ni hatari kama vidonge.

#30 Leicester_Boy

Kweli kabisa, waliniambia hivyohivyo. Nilipanda basi.

#31 Miaka_Sita_Arusha

Mimi huwa nasoma tu, leo naandika. Mwalimu aliuliza kwa nini unapimiwa. Mimi sikupimiwa. Kila mwezi nilikuwa na mtu wa kunipatia, miaka 6. Kidonge 1, kikawa 2, kikawa 3, na usingizi uleule wa kwanza sikuuona tena. Nilijiona niko tofauti na mateja wa stendi kwa sababu mimi navaa tai. Siku mzigo ulipokosekana nikapata arosto kama yao, yaani mwili unadai dawa: jasho, mikono inatetemeka, siku ya nne nikaanguka kifafa mbele ya watoto wangu. Sijawahi kuwa na kifafa maishani.

Daktari aliyenisaidia hakunikatisha. Alinipunguzia robo ya kidonge, anasubiri, robo nyingine. Nilikuwa nakata kwa wembe juu ya sahani. Miezi 7. Kwa hiyo wa siku 10 asiogope, lakini aliyetumia miezi au miaka asiache ghafla baada ya kusoma uzi huu. Tafadhali.

#32 Tabibu_wa_Kata

Asante kwa kusema. Kwa wasomaji: alichofanyiwa ndiyo njia yenyewe. Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994. Wengi waliokuwa kwenye dawa fupi alikuwa anawahamishia kwenye diazepamu kwanza, kwa sababu huondoka polepole, kisha anaipunguza. @Mfamasia_Kona, unaona, polepole.

#33 Mfamasia_Kona

Naona, Tabibu. Bado sijakubali kuhusu usiku wa 11.

#34 Mwalimu_Nyegezi (Jumanne iliyofuata, saa 1 usiku)

Nimerudi. Nimeacha chai ya usiku na ya saa 10. Kulala mchana nimeacha, siku mbili nilisinzia kwenye kikao cha walimu. Simu inalala sebuleni. Saa ya ukutani nimeitoa chumbani, lakini najua tu ikifika saa 9. Nikiamka naketi kwenye mkeka alipokuwa anakaa mama, nanyamaza. Usiku tatu kati ya saba nimelala kama saa 5.

Nimeonana na daktari mwingine, huyu tulizungumza karibu nusu saa. Hakunipa diazepamu. Kaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, nikate nusu, wiki 3, halafu nirudi. Sijui ni dawa, ni chai, ni siku zimepita, au ni huko kuzungumza.

#35 Kaka_wa_Sinza

Amitriptilini si ya sonona hiyo? Sasa umeingia kwenye kubwa zaidi!

#36 Mfamasia_Kona

Ndiyo asili yake, tangu miaka ya 1960, lakini dozi ya sonona ni kubwa mara nyingi zaidi ya nusu hiyo. Kwa kiasi kidogo inaleta usingizi, hata maumivu ya neva hutibiwa nayo. Mdomo utakauka, choo kinaweza kuwa kigumu. Iweke mbali na binti yako, ikizidi inaumiza moyo vibaya.

#37 Nesi_wa_Zamu

Ni chai.

#38 Dereva_wa_Tunduma

Mwalimu, zile 8 za jirani ziko wapi?

#39 Mwalimu_Nyegezi

Nilimrudishia Alhamisi. Alizihesabu mlangoni, zikawa 8.